Mzinga wa Fundi Kaza

Sikutaka kuandika haya. Ukikaa kizingitini unachambua mchele, watu wanadhani huna kazi. "Bibi, tuandikie ile ya mzinga." Ya mzinga imeshasimuliwa mtaa mzima, na kila anayeisimulia anaitia chumvi yake, mpaka wengine wanasema risasi zililia. Hazikulia. Wengine wanasema Fundi Kaza alifungwa. Hakufungwa, ingawa mikono aliitoa mwenyewe. Basi naandika, si kwa kupenda, ila kwa sababu Fundi Kaza ni mdogo wangu, tumbo moja, na siwezi kukaa kimya wakati watu wanamkosea hata makosa yake. Kalamu yangu inakwenda polepole. Mwenye haraka atangulie.

Fundi Kaza alikuwa fundi wa bomba. Jina hilo hakupewa na mama yetu, alipewa na wateja, kwa sababu ya mkono. Koki akishaifunga yeye, imefungwa. Zilikuwepo nyumba ambazo mama akitaka maji anamsubiri mumewe arudi kazini aje afungue. Shule moja ilimwita arudi alegeze, maana watoto walikuwa wanakunywa maji siku ambazo mwalimu wa michezo yupo tu. Kaza akawajibu, "Mliniita nizuie maji yasipotee. Yamepotea?" Hayakuwa yamepotea. Akachukua kikapu chake cha vifaa akaenda zake.

Nyumba yake ni vyumba viwili na ukumbi, na nyuma kuna uwanja mdogo: matuta ya mboga, mlimau mmoja, maua ya mkewe kwenye ndoo zilizotoboka, banda la vyuma chakavu, na karibu na uzio koki moja imesimama kwenye bomba la chuma. Hiyo koki aliifunga mwenyewe mwaka aliooa. Alikuwa kijana, na mkewe alikuwa amesimama mlangoni anamtazama. Mwanamume akitazamwa na mke mpya hukaza nati kupita kiasi.

Miaka ikaenda, koki ikakaa kimya. Mpaka ukaja ule msimu wa joto ambao hata mbwa walikataa kubweka. Mabati yalikuwa yanalia mchana kutwa kama mtu anayevunja vidole. Mifereji ikakauka, madimbwi yakawa vumbi, na nyuki wakaja kwa Kaza.

Mkewe ndiye aliyewaona kwanza.

"Mume wangu, koki ina nyuki."

"Waache wapumzike."

"Hawapumziki, wanakunywa."

"Wanakunywa nini?"

"Maji, mume wangu. Unataka wanywe chai?"

"Maji ya wapi? Koki imefungwa."

Lakini alikwenda. Akachuchumaa, akatazama. Nyuki walikuwa wamejipanga kwenye mdomo wa koki, vichwa chini, makalio juu yanachezacheza, kama watoto kwenye sinia. Tone likavimba, likaning'inia, likatetemeka. Kabla halijaanguka, nyuki mmoja akaliwahi, akashiba, akaruka mzito kupita juu ya paa la jirani. Mwenzake akasogea pale pale. Ndiyo maana chini palikuwa pakavu. Koki ilikuwa inavuja tangu nani ajuaye, na nyuki walikuwa wanaunywa ushahidi.

Kaza akasimama, magoti yakasema.

"Hilo ni jasho," akamwambia mkewe. "Chuma kikiwa na maji baridi ndani na joto nje, kinatoa jasho. Hata wewe unatoka jasho."

"Mimi nyuki hawaninywi," mkewe akasema, akarudi kwenye maua yake.

Sasa nieleze kitu ambacho wasimulizi wa barazani hawakijui. Kaza hakuwa mjinga wa kazi yake. Alijua kwamba kilichokwisha ni raba ya ndani, kiduara kidogo kama kifungo cha shati, na alikuwa na kopo zima la raba hizo chini ya kitanda. Siku ile ile, mkewe alipotoka, alifunga maji kule mbele, akatia spana kwenye nati ya koki, akavuta. Akavuta tena. Akaweka mguu kwenye uzio akavuta mpaka akaona nyota mchana. Nati haikusema hata nyik. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa siku nyingi, asubuhi alikuwa anaviamsha kimoja kimoja kama watoto wa shule, na kiganja hakikuwa tena na ule mshiko. Raba ilikuwa nyuma ya nati, na nati ilikuwa imekazwa na mwanamume ambaye hayupo tena. Akafungulia maji kule mbele, akaipangusa spana, akairudisha kikapuni, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akaitazama ile koki kama mtu aliyefungiwa nje na mtoto wake wa kumzaa.

Kwamba koki ya Kaza inavuja, hilo angeweza kulimeza. Chuma ni chuma. Alichokiogopa ni swali la pili. Watu wangeuliza: mbona hatengenezi? Na hilo jibu lake hakuwa tayari kulisema hata kwa mto wake wa kulalia.

"Mwite yule uliyemfundisha kazi," mkewe akamwambia jioni. "Hata kinyozi hajinyoi."

"Hajinyoi, sawa. Lakini hajawahi kwenda kwa kinyozi mwingine akapita mbele ya wateja wake."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni jasho."

Ng'ambo ya uzio anakaa Lindo, mlinzi mstaafu. Alilinda ghala la magodoro maisha yake yote na hakuna hata godoro moja lililoibwa, jambo analojisifia, ingawa ungemuuliza ni mwizi gani angekimbia na godoro kichwani. Mpaka leo anavaa buti nyumbani na filimbi shingoni. Koki ya kwake ilifungwa na Kaza pia, na katika nyumba ile anayeweza kuifungua ni mkewe Lindo tu, mama mwenye mikono ya kukandia unga. Lindo hajamsamehe Kaza kwa hilo.

Basi asubuhi moja mkewe Lindo, yuko tayari na kikapu cha sokoni, akasimama kwenye uzio.

"Shemeji, habari za asubuhi. Naona kwako siku hizi kuna wageni."

"Wageni gani?"

"Hao wenye mabawa. Nyuki hawaendi pakavu, shemeji. Au nimekosea?" Na akatabasamu lile tabasamu la mtu anayekwenda sokoni na habari.

Kaza akaona mtaa mzima unaingia kwenye kile kikapu. Mdomo ukatangulia akili.

"Hao ni nyuki wangu."

"Wako?"

"Nawafuga. Wanakunywa kwangu, wanalala kwangu."

"Haya, hongera," mkewe Lindo akasema, na kwa kuwa sokoni hakungoji mtu, akaondoka.

Kaza, kwa hasira, akaendelea kuongea peke yake, na sauti yake si ndogo. "Nina mzinga mimi. Uko nyuma ya banda. Na mdomo wake nimeuelekeza kwa Lindo, makusudi, kwa sababu ya kuchungulia. Wakinichokoza zaidi, naufungua, wakimbie na mataulo yao."

Taulo lilikuwepo kweli. Bafu la Lindo limepakana na uzio, na Lindo alikuwa ndani, sabuni imejaa masikioni. Ya nyuki hakuyasikia. Sabuni ilikuwa ndiyo kwanza imemtoka masikioni aliposikia: nina mzinga, mdomo nimeuelekeza kwa Lindo, wakinichokoza naufungua. Mtu aliyelinda geti maisha yake yote haimjii akilini nyumba ya nyuki. Ulimjia mzinga ule mwingine, wa baruti.

Huku nyuma, Kaza ameshasema ana mzinga na mzinga hana. Mkewe Lindo akirudi kutoka sokoni lazima atachungulia. Ndani ya banda kulikuwa na kipande cha bomba la choo la zamani, chuma cheusi, kinene kama paja, kirefu kama benchi, upande mmoja kimezibwa kwa mfuniko. Yeye na mkewe wakalibiringisha mpaka juu ya toroli la kubebea mabomba, lile la magurudumu mawili. Kulishusha wakashindwa. Likabaki hapo hapo juu ya magurudumu, mdomo umeinuka kidogo.

Mkewe akapangusa mikono kwenye kanga, akalitazama.

"Ndio mzinga?"

"Ndio."

"Nyuki watakaa kwenye bomba la choo?"

"Limeoshwa."

"Na mdomo mbona unamtazama Lindo?"

"Nimeshasema unamtazama. Unataka niwe mwongo?"

Ni wakati huo Lindo, taulo kiunoni na buti miguuni, alipanda kigoda akachungulia juu ya uzio. Alichokiona kilikuwa chuma cheusi juu ya magurudumu mawili kinamtazama kifuani. Akashuka polepole, akaingia ndani kwa magoti, akapiga simu kituoni.

Askari walikuja jua likiwa utosini: mkuu mmoja mwenye tumbo na leso ya jasho, na vijana wawili, mmoja mrefu, mmoja mnene. Watu wakajaa uzioni, maana mtaa wetu hauna shughuli kubwa kuliko gari la polisi. Kaza akatoka kuwapokea.

"Mzee," mkuu akasema kwa upole wa mtu anayeogopa, "tumepata taarifa kwamba una mzinga."

Moyo wa Kaza ukaruka kwa furaha. Uongo wake wa asubuhi umefika mpaka serikalini, nao wamekuja kuutambua.

"Ninao. Karibuni."

"Unakiri?"

"Nakiri mbele ya hawa wote. Ninyi huko uzioni mmesikia?"

Mkuu akajifuta shingo. "Na mdomo wake umeelekea kwa jirani."

"Anachungulia."

"Uko na watu wangapi?"

"Watu? Mimi na mke wangu. Ila wale wengine hawahesabiki."

"Wale wengine," mkuu akasema, akiwatazama vijana wake.

"Wanakuja jua likiwaka. Wanapita juu ya paa la Lindo pale."

"Wana silaha?"

"Kila mmoja na yake. Ila anaitumia mara moja tu, kisha anakufa."

Askari mrefu akameza mate, watu wote wakasikia.

"Nani anawaamuru?"

"Malkia."

"Malkia wa nchi gani?"

"Mimi nitamjulia wapi, mkuu? Wenyewe wanamficha ndani."

Wakazunguka banda kwa kunyata. Mkuu akawaonyesha kwa mkono wasipite mbele ya mdomo. Askari mnene akaushika mfuniko wa nyuma kwa ncha ya kidole, akakirudisha kidole mbio.

"Baruti unaweka wapi?" mkuu akauliza.

"Baruti ya nini? Huu unataka nta."

"Nta ya kuwashia?"

Hapo mke wa Kaza, aliyekuwa anamwagia maua, akaweka kopo chini. "Jamani," akasema, "huo ni mzinga wa nyuki."

Uzio mzima ukacheka mpaka mbao zikatikisika. Lindo peke yake hakucheka. Mkuu wa askari naye hakucheka, maana mkubwa akichekwa mchana, aibu lazima ipate wa kuibeba. Akainama, akachungulia ndani ya bomba. Mjusi akatoka, akamtazama, akaenda zake.

"Nyuki wako wapi?"

"Wametoka."

"Wote?"

"Kazi ni nyingi."

"Na asali?"

"Hawajaanza."

Mkuu akanusa. "Mzee, hili ni bomba la choo."

"Limeoshwa."

"Nisikilize vizuri." Mkuu akajinyoosha. "Nyuki nawaona, wale pale kwenye koki. Wanakunywa, wanapaa, wanakwenda kule juu. Hata mmoja haji humu. Kwa hiyo huu si wa nyuki. Na wewe umekiri mbele ya watu kwamba ni mzinga. Kama si wa nyuki, umebaki ule mwingine, na ule mwingine tunaondoka na wewe. Au uniambie hao nyuki wanafuata nini pale kwenye koki yako."

Kaza akautazama uzio. Mkewe Lindo alikuwa amerudi sokoni, kikapu kichwani, hakishushi. Lindo, taulo bado kiunoni, filimbi mdomoni. Wateja wake wa zamani wote walikuwepo, mama waliosubiri waume zao wafungue maji, na yule mwalimu wa michezo. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na lingefuatiwa na lile swali. Akaitoa mikono yake miwili mbele.

"Nifungeni. Ni mzinga wa vita."

"Mume wangu," mkewe akasema.

"Nifungeni twende."

"Vita na nani?" mkuu akauliza.

"Nitaamua huko huko."

Askari mrefu akatoa pingu. Mke wa Kaza akaitazama ile mikono iliyonyooshwa, vidole havinyooki vyote, na kiganjani lile lengelenge la spana ambalo yeye alikuwa ameliona siku ya kwanza kabisa na hakulitaja. Akaenda ndani, akarudi na bilauri.

"Mkuu, hamwezi kwenda na joto hili na koo kavu. Njoo unywe maji kwanza."

Akampeleka mwenyewe mpaka kwenye koki. Nyuki wakainuka wote kwa pamoja, wakazunguka hewani wakinung'unika. Mkuu akafungua, akanywa, akafunga. Akakaza. Na kwa kuwa nyuki walikuwa bado juu, hakukuwa na wa kuliwahi. Tone likavimba, likaning'inia, likaanguka kwenye kiatu chake kilichong'arishwa. To. Likafuata la pili.

"Inavuja," Lindo akasema taratibu, kama mtu anayesoma. "Koki ya Kaza inavuja."

Hakuna aliyecheka. Lilikuwa jambo kubwa kuliko mzinga.

Mkuu akamgeukia, bilauri mkononi, na akaliuliza lile swali bila kujua ni kisu. "Sasa fundi mzima, mbona hutengenezi?"

Kaza mikono yake bado ilikuwa mbele, hakuna aliyeifunga. Akaishusha.

"Nati haifunguki," akasema.

"Haifunguki?"

"Imekazwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Kabla watu hawajapata la kusema, mkewe akatoa spana kikapuni akampa askari mrefu. "Wewe kijana una nguvu. Hebu jaribu."

Askari mrefu akavua kofia, akatia spana, akavuta kwa dharau. Kisha akavuta bila dharau. Askari mnene akamwambia sogea, mama yako hakukulisha, akashika yeye, akawa mwekundu wa macho, akaachia. Wakashika wote wawili. Nati ilikaa pale kama imezaliwa pale. Mkuu akavua shati lenye vyeo, akalitundika kwenye mlimau. Lindo akaruka uzio, buti na yote, akisema tangu ujana wake hakijawahi kumshinda kitu cha chuma.

Kaza alikuwa amekaa juu ya ndoo yake. Kila walipoguna, mgongo wake ulinyooka kidogo.

"Usivute kwa mgongo, vuta kwa miguu," akawaambia. "Mkuu, tumbo weka pembeni. Mnataka urefu wa mpini. Chukueni mzinga."

Wakauchukua mzinga. Watu wanne wazima walilibeba lile bomba la choo, wakalivika kwenye mpini wa spana ili wapate nguvu, wakaning'inia wote kwa pamoja, serikali na mlinzi wa magodoro, miguu hewani. Kitu kikalia. Uzio ukashusha pumzi. Walipoanguka chini wakainuka, wakaona ni spana. Ilikuwa imepinda kama kucha ya kuku. Nati ilikuwa pale pale.

Mkuu wa askari akakaa kwenye tuta la mboga, anahema.

"Mzee," akasema, "hii ulikaza mwaka gani?"

"Mwaka niliooa."

Mkuu akamtazama mke wa Kaza. Mama wa watu akainama akaanza kupanga ndoo zake za maua ambazo zilikuwa zimepangika tayari.

Lindo akawa wa kwanza kusema, na kwa neno lake hilo mimi nilimsamehe simu. "Hiyo koki haivuji kwa ubovu," akasema, akijifuta udongo kwenye taulo. "Inavuja kwa kukazwa." Uzio ukaitikia, na mpaka leo mtaani, ukimwambia mtu koki yake inavuja, anakujibu kwa fahari kwamba imekazwa.

Mkuu akavaa shati. Hakuweza kuondoka bila amri, cheo ni cheo, kwa hiyo akaamuru mzinga utazame ukuta. Wakauviringisha, ukautazama ukuta, na sasa kuku anatagia humo. Gari lilikuwa halijawaka nyuki waliporudi kwenye mdomo wa koki, vichwa chini, wakachukua zamu zao walipoziachia. Mke wa Kaza akaweka chini karai lenye kokoto, ili tone likimponyoka mmoja, wengine wapate pa kusimama wasizame. Kaza jioni anakaa karibu nao juu ya ndoo. Ukipita, anakuuliza kama unaijua ile nati.

Basi nimeandika. Umesoma mpaka hapa, usiondoke mikono mitupu kama mgeni wa kula na kunawa. Toka nje uangalie koki yako. Ukikuta nyuki, ufagio uache ulipo. Tia maji kwenye sahani, na kokoto ndani yake. Kisha njoo kwa mdogo wangu ujaribu ile nati, maana kila anayeshindwa anamwongezea siku za kuishi. Njoo jioni jua likipoa. Spana uje nayo, ya kwetu imepinda.